Magoti ya Mfanya Kazi na Dawa ya Kupaka

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mwenzetu, ambaye ni mtoa dawa, mbele ya mkutano wa tawi siku ya Jumapili. Wanachama wengi waliomba yaandikwe ili wasiofika nao wayasome. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Nimeambiwa niseme juu ya afya kwa muda wa nusu saa. Afya ni neno kubwa na nusu saa ni kidogo, kwa hiyo nimechagua kitu kimoja tu, nacho ni goti. Nimelichagua kwa sababu nimesimama kwenye dirisha la kutolea dawa miaka mingi, na kama mngesimama pale mngeona jinsi watu wanavyokuja. Mwenye homa huja ameshika kichwa. Mwenye tumbo huja amejikunja. Lakini mwenye goti huja anatembea wima kabisa, akitazama huku na huku asionwe na nyapara wake, ndipo husema kwa sauti ya chini, "Nipe zile tembe za maumivu." Hataki ijulikane. Yeye ni kibarua wa mkataba wa miezi mitatu, na anaogopa kwamba akionekana anachechemea mkataba hautaandikwa tena. Hivyo hununua tembe, humeza, na hurudi kubeba. Ni kwa ajili ya mtu huyo nasimama hapa leo.

Kwanza tujue maradhi yenyewe. Wazee wetu huita kila maumivu ya maungo baridi yabisi, na husema yaletwa na mvua au maji baridi. Jina si baya, lakini chini yake yamo maradhi mengi yasiyofanana. Haya ninayosema leo madaktari huyaita osteoathraitisi. Ncha za mifupa inayokutana katika goti zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe, laini na chenye kuteleza kama nyama ya dafu. Miaka inapopita gegedu hiyo hulika, mfupa ulio chini yake huwa mgumu na kuota vinundu pembeni, na ngozi ya ndani inayolizunguka goti huvimba. Asubuhi goti huwa zito kwa dakika chache, kisha hulegea. Ukipanda ngazi huuma, ukichuchumaa hulia kama mlango wa zamani.

Tulikuwa tukiambiwa kwamba goti huchakaa kama bushi ya lori. Hiyo ni nusu ya kweli. Bushi ni chuma, haina uhai. Goti ni kitu kilicho hai, nalo huwaka ndani kwa ndani, na ni huo uwako unaoleta sehemu kubwa ya maumivu. Jambo hili si la kupita upesi, maana kama goti lingekuwa chuma tu dawa ya kupaka isingelifaa kitu.

Nani hupatwa? Watu wa miaka 45 na zaidi kuliko vijana, wanawake kuliko wanaume, wanene kuliko wembamba, waliowahi kuumia goti katika mpira au ajali, na wale ambao kazi yao ni kupiga magoti, kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito miaka mingi. Hapa namwona fundi wa vigae, nawaona mama wanaosugua sakafu za mahoteli, na wale mabwana wa magunia pale nyuma. Kule Uingereza serikali imekubali kwamba kazi yaweza kuharibu goti: tangu mwaka 2009 wachimba makaa ya mawe walio na maradhi haya wamewekwa katika orodha ya wanaostahili malipo, na mwaka 2010 wakaongezwa mafundi wa kutandika mazulia na sakafu. Basi mtu akikwambia kwamba goti lako ni uzee tu, mwulize kwa nini uzee wapenda sana mafundi wa sakafu.

Sasa nije kwenye tembe. Tembe ninazosema ni za ukoo mmoja: diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu na nyingine za namna hiyo. Si sumu. Daktari akizitoa kwa siku chache, kwa mtu anayezifaa, husaidia. Lakini ukiimeza, tembe hupita tumboni, huingia katika damu, na huzunguka mwili mzima ili sehemu yake kidogo tu ifike kwenye goti. Ni kama kufurika shamba zima kwa ajili ya kumwagilia mche mmoja. Na kule inakopita ina kazi yake. Kemikali ile ya mwilini ambayo dawa hizi huizuia huleta maumivu gotini, lakini ndiyo hiyo hiyo hulinda utando wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye mafigo. Ukiizuia kwa mwezi na mwaka, tumbo hutoboka vidonda, mafigo huchoka, presha hupanda, na hatari ya moyo huzidi.

Namkumbuka mchukuzi mmoja, mtu mwema wa kupenda mzaha, aliyekuwa akinunua tembe mbili mbili kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Alifanya hivyo karibu mwaka. Siku moja hakuja, akaja mkewe kuuliza dawa ya mtu anayekwenda choo cheusi kama lami. Nilimwambia asinunue dawa yo yote, amkimbize hospitali. Kile cheusi kilikuwa damu ya tumboni. Alipona, namshukuru Mungu, baada ya kuongezwa damu, lakini hakurudi kwenye kazi ile. Nami tangu siku ile hujiuliza, ni mara ngapi nilimpa zile tembe bila kumwuliza neno?

Basi ndugu, iko njia nyingine, nayo ni kuipaka dawa ile ile juu ya goti. Hapo ndipo watu hucheka, husema marhamu ni mambo ya bibi. Wasicheke. Madaktari wa maungo wa Marekani katika mwongozo wao wa mwaka 2019, na mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022, wote waliipendekeza dawa ya kupaka ya ukoo huu kwa goti lenye osteoathraitisi, na ule wa Uingereza wasema ianzwe hiyo kabla ya tembe. Parasetamoli, ambayo wengi wetu twaiona ndiyo salama, mwongozo huo wasema isitolewe kwa desturi, kwa kuwa faida yake kwenye goti ni kidogo mno.

Yafanyaje kazi? Goti halikuzama ndani. Shika lako sasa hivi, utaona kati ya ngozi na mfupa hakuna nyama nyingi. Dawa iliyo katika jeli hupenya ngozi na kufika kwenye nyama za goti na ngozi yake ya ndani, wakati katika damu huingia kidogo tu. Kwa diklofenaki ya nguvu ya asilimia 1, mtu akipaka goti moja gramu 4 mara 4 kwa siku, dawa iliyoonekana katika damu ilikuwa kama sehemu 6 katika 100 ya ile ya mtu aliyemeza tembe. Ndiyo sababu tumbo husalimika. Na ndiyo sababu pia dawa hii haifai nyonga, maana nyonga imejificha chini ya nyama nene. Nimewaona watu wakijipaka kiunoni na matakoni hadi tyubu ikaisha. Fedha imekwenda bure.

Sitaki kuwadanganya juu ya nguvu yake. Mwaka 2016 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyofanywa juu ya dawa hizi, na wakatazama watu waliotumia kwa muda wa majuma 6 hadi 12. Katika kila watu 100 waliopaka diklofenaki, kama 60 walipata nafuu kubwa, yaani maumivu yalipungua nusu au zaidi. Lakini katika watu 100 waliopaka jeli tupu isiyo na dawa, kama 50 nao walipata nafuu. Kwa ketoprofeni ilikuwa kama 63 kwa 48. Mtaniuliza, jeli tupu yaponyaje? Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na kulisugua goti na kulitunza ni kitu pia. Kwa hiyo dawa yenyewe huongeza watu kama 10 au 15 katika kila 100. Si muujiza. Lakini kumbukeni kwamba tembe nazo si muujiza: mwaka 2008 huko Uingereza walilinganisha watu wa miaka 50 na zaidi wenye maumivu ya goti, wengine wakipaka ibuprofeni na wengine wakimeza, na baada ya mwaka mzima magoti yao yalikuwa sawa, lakini wamezaji ndio waliolalamika zaidi juu ya vifua. Mimi nikiwa na njia mbili za kufika Nakuru kwa saa zile zile, na moja ina majambazi, najua nitapita wapi.

Sasa nisikilizeni sana, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea. Mtu hununua tyubu ya gramu 20, hukamua kiasi cha punje ya harage, husugua jioni akikumbuka, na tyubu ile hukaa miezi miwili. Kisha huja dirishani kusema dawa haifanyi kazi. Bwana, hujaitumia! Jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 hupakwa gramu 2 hadi 4 kwa goti, mara 3 au 4 kila siku. Gramu 4 ni karibu kijiko kidogo cha chai kisichojaa. Hebu tupige hesabu. Ukipaka gramu 2 mara 3, ni gramu 6 kwa siku, na tyubu ya gramu 20 imekwisha siku ya nne asubuhi. Ukipaka gramu 4 mara 4, ni gramu 16, na tyubu ile haifiki jioni ya siku ya pili. Na hayo ni goti moja. Kwa hiyo yule mwenye tyubu ya miezi miwili alikuwa akipaka harufu tu.

Najua neno mnalotaka kusema, kwamba ni ghali. Kweli ni ghali, ndiyo maana nataka mtumie kwa akili. Usinunue tyubu ndogo ndogo. Tafuta ya gramu 100 na ulinganishe bei kwa gramu, mara nyingi utaona kubwa ni nafuu. Itumie kwa kipimo kamili. Nguvu yake yaweza kuchukua hadi siku 7 kuonekana, usikate tamaa siku ya pili. Lakini baada ya majuma mawili au matatu ukiona hakuna kitu, acha, weka fedha yako mfukoni, nenda kwa daktari. Hata ikikufaa, usipitishe majuma matatu bila kumwona daktari. Na isiwe ya mwaka mzima: itumie goti linapochachamaa, likitulia pumzika.

Iko pia ya nguvu ya asilimia 2, nayo hupakwa mara mbili tu kwa siku, asubuhi na jioni. Mimi naiona hiyo inamfaa mfanya kazi kuliko ile nyingine. Nani katika mjengo atapata mahali pa kukunja suruali saa sita mchana, na maji ya kunawa mikono baadaye? Uliza bei ya zote mbili kabla ya kuchagua.

Namna ya kupaka: goti liwe safi na kavu, lisiwe na kidonda wala mkwaruzo. Paka mbele, pembeni kote kote na juu kidogo ya pia ya goti, si mahali pamoja. Sugua polepole hadi iingie. Nawa mikono. Ngoja dakika 10 kabla ya kuvaa suruali, la sivyo umeitibu suruali. Usioge kwa saa moja. Usifunge goti kwa karatasi ya nailoni wala kuweka kitambaa cha moto juu yake, maana hapo dawa huingia kwa wingi usiopimwa. Ngozi ikiwasha au ikatoka vipele, acha.

Wenye ketoprofeni nina neno lao peke yao. Dawa hiyo na jua ni maadui. Ngozi iliyopakwa ikipigwa na jua yaweza kubabuka kama imemwagiwa maji ya moto, na hatari hiyo hubaki majuma mawili baada ya kuacha dawa. Mfanya kazi wa shambani, wa bandarini au wa barabarani mwenye kuvaa kaptula, heri achukue diklofenaki. Akiwa hana budi, basi avae suruali ndefu siku zote, hata siku ya mawingu.

Wako wasiofaa kupaka bila kuuliza kwanza. Mwenye pumu inayoamshwa na aspirini. Mwenye vidonda vya tumbo, au maradhi ya mafigo au ya moyo. Anayetumia dawa ya kupunguza kuganda kwa damu. Mama mwenye mimba, na katika miezi mitatu ya mwisho asiipake kabisa. Wala mtu asipake huku akimeza tembe za ukoo ule ule akidhani mbili ni bora kuliko moja. Hapo ameirudisha ile hatari aliyoikimbia.

Mama mmoja ameniuliza kabla ya mkutano juu ya zile dawa za kupaka zenye moto na harufu kali, za kopo na za chupa. Hizo ni ukoo mwingine. Kwa kawaida zina menthol, kafuri, na mafuta ya salisilati. Huipa ngozi joto au baridi, na akili husahau goti kwa muda. Si vibaya, ila usizipake pamoja na jeli mahali pamoja, na anayetumia dawa ya kupunguza kuganda kwa damu aziogope hizo nazo. Iko pia marhamu ya kapsaisini, kitu kile kile kinachofanya pilipili iwe kali. Hiyo ina ushahidi wake, lakini huunguza siku za kwanza na yataka kupakwa kila siku kwa majuma kadhaa. Tafadhali msisage pilipili za nyumbani mkajipaka. Nimeona matokeo, na ole wako ukijigusa jicho.

Jihadharini zaidi na tembe za mitishamba zinazouzwa bila jina la kiwanda, zile za "leo umemeza, kesho unacheza ngoma". Mwaka 2022 serikali ya Marekani iliwaonya watu juu ya tembe za namna hiyo zilizouzwa kama mitishamba ya maungo, kwa sababu zilipopimwa zilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni ndani yake, wala havikuandikwa. Mtu aliyezimeza muda mrefu akaziacha ghafula aweza kuzimia, maana mwili umesahau kujitengenezea dawa yake.

Ziko dalili ambazo si za jeli. Goti likivimba ghafula na kuwa jekundu na la moto, hasa pamoja na homa, hiyo ni hospitali siku ile ile, yaweza kuwa usaha ndani ya goti. Goti likifunga lisinyooke, au likikataa kubeba uzito baada ya kuanguka, pia hospitali.

Na dawa peke yake haitoshi. Nyama za paja ndizo zinazolibeba goti. Keti kitini, nyoosha mguu mmoja mbele yako, uhesabu hadi 5, ushushe polepole, mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Haina gharama. Mwenye uzito mwingi akipunguza kilo 1, goti hupunguziwa kama kilo 4 kwa kila hatua. Nasema hivi kwa heshima kwa ndugu wenye vitambi walio mstari wa mbele.

Bwana Mwenyekiti, nina mambo mawili kwa chama. La kwanza, kwa sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007, mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi sharti pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanya kazi wawe na wajumbe ndani yake. Je, kamati hizo zimewahi kuandika neno goti katika daftari lao? Mto wa kupigia magoti na toroli la magurudumu ni rahisi kuliko goti jipya. Mtu akiumia goti kazini aandikishe siku ile ile, kwa kuwa sheria ya fidia ya mwaka 2007 humpa tajiri siku 7 tu za kupeleka habari tangu alipojua, na mfanya kazi miezi 12 tangu ajali kuleta madai. Ambaye hakuandikisha kwa kuogopa nyapara atadai kwa karatasi gani?

La pili, tutakapokaa na matajiri juu ya mapatano mapya, tuombe zahanati za kazini ziweke jeli ya kupaka kwa tyubu kubwa, si tembe peke yake. Tembe hutolewa kwa kuwa ni rahisi kwa anayenunua. Mwenye kulipa tofauti ya bei ni yule mchukuzi niliyemtaja, naye amelipa kwa damu.

Nimesema ya kutosha. Niliwaomba mje na tyubu mlizo nazo nyumbani, na naona wengine wamezileta. Leteni hapa mezani, tusome pamoja jina la dawa, nguvu yake, na tarehe ya kwisha.